Nukta ya Chinyika

Amri yenyewe ilikuwa fupi, tena imeandikwa kwa adabu: punguza umri wa rekodi zote za huduma za kikoa cha Chinyika, uwe dakika tano, ifanyike leo.

Sechelela Chidosa aliisoma akiwa bado amesimama, mkoba begani. Akaisoma tena. Mtu mwingine angeiona kuwa kazi ya kawaida tu, kama kuambiwa ubadilishe balbu ya korido. Lakini watu wa majina, wale walioumaliza ujana wao mbele ya vioo vya kompyuta za Mamlaka ya Majina, ofisi inayoziambia mashine kila huduma inapokelewa wapi, wana desturi moja ambayo hakuna anayeifundisha na hakuna asiyeijua: rekodi haipunguzwi umri bure. Ukiona mtu anapunguza umri wa rekodi, jua kesho anahama. Ni sawa na kumkuta jirani anafunga vyombo kwenye maboksi, halafu anakwambia hana safari.

Akaketi. Akaifungua rekodi ya dharura.

Ilikuwa mstari mmoja tu, na mtaa mzima ulikuwa umening'inia juu yake. Mwanzo jina la huduma, likitanguliwa na kistari cha chini. Kisha kikoa, yaani eneo lenye jina lake: Chinyika. Kisha umri, yaani muda ambao kila anayepewa jibu hili anaruhusiwa kulikumbuka kabla hajarudi kuuliza upya. Kisha kipaumbele, namba ndogo ikitangulia kubwa. Kisha uzito, wa kugawana mzigo pale wapokeaji wanapolingana. Kisha namba ya mlango wa kubisha. Na mwishoni kabisa, mahali penyewe: zahanati ya Chinyika.

Kila nyumba kule ilikuwa na sikio ukutani. Ni kijiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kilichofungwa kwa lazima baada ya miaka ya ukame. Sikio husikia mtu akianguka, akikohoa vibaya, akilia kwa uchungu wa kuzaa. Likisikia, linaangalia kumbukumbu yake: dharura ya Chinyika hupokelewa wapi? Kama kumbukumbu imekwisha umri, linaiuliza Mamlaka. Mamlaka inajibu kwa ule mstari mmoja. Sikio linapiga, na mtu anaitikia. Huwezi kuliambia anwani kwa mdomo, wala kulibonyezea kwa kidole. Waliolitengeneza walihakikisha linasikiliza majina peke yake; mkono wa mwenye nyumba unaweza kulizima na kuliwasha tu.

Sechelela akaufuta umri wa saa moja uliokuwepo, akaandika wa dakika tano. Kazi ni kazi. Kisha akainuka, akaenda kumwona mkubwa wake.

*

Injinia Mbeleje alikuwa akimenya karanga juu ya gazeti, nadhifu kama mtu anayepasua maiti.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, Seche. Umeshapunguza?"

"Nimeshapunguza. Tunahamia wapi?"

"Nani kasema tunahama?"

"Bosi, dakika tano. Mimi si mgeni humu."

Mbeleje akacheka, akamsogezea karanga. Sechelela hakuzigusa.

"Haya basi. Zahanati ya Chinyika inafungwa. Huduma inakwenda Kituo Kikuu, huku mjini, vifaa vya kisasa, madaktari kamili. Kesho asubuhi naweka nukta mwenyewe. Kwa muda tu. Kituo kikikaa sawa, tunaweka anwani mpya. Ndiyo maana nataka umri mfupi, wananchi wasikwame na anwani ya zamani. Kuna ubaya gani hapo?"

Nukta. Katika rekodi ya huduma, pale mwisho panapokaa jina la mahali, ukiandika nukta peke yake umeiambia dunia nzima kwamba huduma hii hapa haipo. Hujasema ina hitilafu, wala hujasema subiri kidogo. Umesema haipo. Mashine ikipewa nukta haibishani na mtu, haijaribu mlango wa pili, haiulizi kwa nini. Inakata.

Na kulikuwa na sheria iliyokuwa ikiisubiri nukta hiyo kama mbwa anavyosubiri chini ya meza. Sheria ya Makazi ilisema kwamba mahali ambapo hakuna wito hata mmoja wa dharura ulioitikiwa toka jua lichomoze hadi lichomoze tena, hapo si makazi. Pasipo makazi hakuna wa kuhamishwa. Hakuna wa kufidiwa. Hakuna hata wa kuagwa. Chini ya sakafu za Chinyika kulikuwa na chumvi, na ndani ya chumvi kulikuwa na madini ya betri, na wenye mashine za kuchimba walikuwa wameshaegesha upande wa pili wa kilima wakijifanya wanajenga barabara.

"Na Ng'ambo ya Reli je?" Sechelela akauliza.

Mkono wa Mbeleje ukasita juu ya ganda. "Ng'ambo ya Reli imefanyaje?"

"Mliweka nukta. Mlisema ya muda. Nilikuwa darasa la sita, nakumbuka hata tangazo lilivyosomwa redioni, yule dada aliyekuwa na sauti tamu. Bosi, mimi kila mwaka naiuliza. Natoka likizo, naketi mezani, kitu cha kwanza nauliza dharura ya Ng'ambo ya Reli inapokelewa wapi. Mpaka leo najibiwa nukta."

"Ile ilikuwa awamu nyingine ya uongozi."

"Nukta ni ileile. Na shimo ni lilelile, limejaa maji ya kijani, watoto wanakatazwa kusogea."

Mbeleje akayakusanya maganda. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hawa wabaya wa siku hizi hawapigi kelele. Wanakuuliza habari za nyumbani, wanakupa karanga, halafu wanakutoa kwenye jibu.

"Sikiliza, binti," akasema taratibu. "Najua unachowaza, maana hata mimi nilikuwa kijana. Ukiwapa masikio yale umri mrefu, yatashika anwani ya zahanati na nukta yangu hayataiona. Sawa? Lakini tuseme mimi nasema kweli. Tuseme zahanati inafungwa kweli, nesi anaondoka, na Kituo Kikuu kinafunguliwa wiki ijayo. Mzee wa watu anaanguka bafuni. Sikio lake linakumbuka zahanati. Linapiga. Linapiga chumba kitupu. Linapiga tena. Kituo kipo, gari la wagonjwa lipo, linasubiri tu kuitwa, na mzee anakufa kwa sababu wewe uliliambia sikio lake lisiulize upya. Hiyo utaibeba wewe. Si mimi."

Sechelela akatoka bila kuaga. Kilichomuuma ni kwamba yule bwana, kwa mambo ya ufundi, hakuwa amekosea hata neno moja.

*

Funguo za vikoa hurudishwa jioni, watu wakifunga kazi. Saa ya chakula cha mchana Sechelela alikuwa bado na ufunguo wa Chinyika mfukoni, unamwunguza kama kaa la moto. Akaenda nyuma ya jengo, penye matangi ya maji, akampigia nesi wa zahanati. Nesi huyo alikuwa Foibe, mdogo wa mama yake, aliyemlea toka ubatizo hadi mshahara wa kwanza.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona unanong'ona? Umeiba?"

"Bado. Eti unahama?"

"Wameniletea maboksi. Mazuri kweli, mapya. Wanasema nifunge vitu, nitapigiwa."

"Na huko Kituo Kikuu umeoneshwa chumba?"

"Chumba?" Foibe akacheka kwa puani. "Nimeuliza, wameniambia nitapigiwa. Nimeuliza nani atakuja kumwangalia Nyemo, maana mimba yake imekaa vibaya na siku zimewadia. Wameniambia nitapigiwa. Nikauliza choo cha huko kiko upande gani."

"Wakakwambia utapigiwa."

"Aah, kumbe na wewe ni wa ofisi moja nao."

Sechelela akaegemea tangi. Akaeleza. Kesho nukta. Leo ufunguo uko mfukoni. Akiipa rekodi umri wa mwaka, kila sikio la Chinyika litashika anwani ya zahanati mwaka mzima na halitaiuliza Mamlaka kitu. Nukta itawekwa na hakuna atakayeiona. Wito utaitikiwa, na maadamu unaitikiwa, Chinyika ni makazi, hao wenye mashine wapende wasipende.

"Lakini yatakukumbuka wewe, mama mdogo. Wewe peke yako. Siku ukiondoka..."

"Yatapigia chumba kitupu."

"Ndiyo."

"Nikiugua?"

"Ndiyo."

"Wakija kunitoa kwa nguvu?"

Upande wa pili kulisikika mtoto akilia, na bati likigongwagongwa na upepo.

"Kwa hiyo unanifunga," Foibe akasema.

"Nakuuliza kwanza."

"Hapana, Seche. Ungekuwa unauliza ungepiga asubuhi, kabla hujatafuta maneno. Wewe umeshaamua, sasa unatafuta mtu wa kukuambia umefanya vizuri. Mimi sikuambii. Unachukua maisha ya watu wote hawa unayatundika kwenye shingo ya mwanamke mmoja mwenye shinikizo la damu. Ujue hivyo. Usije ukajiita shujaa."

"Sijiiti."

"Basi weka. Maboksi yao nitawashia jiko."

Sechelela akarudi mezani. Akaufuta umri wa dakika tano, akaandika wa mwaka. Na hapo ndipo wakubwa walipokuwa wamejikata wenyewe kwa wembe wao, kwa sababu zile dakika tano walizozitaka wao zilikuwa zimeyafanya masikio yote ya Chinyika yawe mahangaiko matupu, yanauliza, yanasahau, yanauliza tena. Hayakuchukua muda. Kabla mlinzi wa getini hajamaliza kikombe chake cha chai, kila sikio lilikuwa limeuliza mara ya mwisho, limepewa jibu la mwaka, limenyamaza.

Jioni akarudisha ufunguo. Mbeleje akaupokea kwa mikono miwili, kama mkwe.

*

Asubuhi hakwenda kazini. Alikwenda Chinyika.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili na ukumbi. Ukutani, juu ya meza ya Foibe, palikuwa na ubao wenye taa, kila nyumba na taa yake ndogo ya kijani. Sikio humsalimia mpokeaji wake kila mara. Salamu ikifika, taa inawaka. Ubao mzima ulikuwa wa kijani. Foibe alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi, kana kwamba anasubiri wageni.

Sechelela akatoa simu, akauliza Mamlaka: dharura ya Chinyika inapokelewa wapi?

Nukta.

Aliiona kwenye kioo, doa dogo kama kinyesi cha nzi. Dunia yote ya nje ilikuwa imeshaambiwa kwamba hapa aliposimama hapana mtu. Akainua macho kwenye ubao. Kijani kitupu.

"Imeshawekwa?" Foibe akauliza.

"Imeshawekwa."

"Mbona sijafa?"

Wakacheka, kicheko kikavu, cha watu walioponea chupuchupu. Na kama vile kimeitwa, kengele ikalia. Nyumbani kwa Mbumi mtoto alikuwa ameungua na uji. Foibe akaitikia, "Zahanati ya Chinyika, nakusikia," akamweleza mama nini cha kufanya, akachukua mkoba wake wa dawa. Wito mmoja, umeitikiwa.

Hakufika mlangoni.

Ujumbe uliingia kwenye simu zao wote wawili kwa mpigo mmoja, na nje ulisikika ukiingia kwenye simu za wapita njia. *Mkazi mpendwa. Ili kuendelea kupata huduma bora, tafadhali zima sikio lako, kisha uliwashe. Asante kwa ushirikiano wako.*

Nani katika nchi hii hajui dawa ya kwanza ya kila kifaa? Redio ikikoroma, zima washa. Pampu ikigoma, zima washa. Mafundi wenyewe waliofunga yale masikio hawakuacha maelekezo mengine zaidi ya hayo, na watu waliyashika kama sala. Lakini kumbukumbu ya sikio inakaa kwenye umeme. Ukilizima, limesahau. Ukiliwasha, linauliza upya, na likiuliza upya linapewa nukta. Ule umri wa mwaka unakufa kwa kidole kimoja cha mwenye nyumba mwenyewe, tena kwa nia njema kabisa.

Mbeleje hakuwa na haja ya kuvunja mlango wa mtu. Aliomba tu kwa heshima, nao wakafuta majina yao kwa mikono yao.

Masikio yale yakiwashwa hupiga wimbo mdogo, noti tatu, wa kuchekesha kama wa gari la kuuza barafu. Wimbo wa kwanza ukasikika nyumba ya jirani. Ubaoni taa moja ikazimika. Wa pili ukatoka ng'ambo ya njia. Kisha mwingine, na mwingine, upande wa kisimani, upande wa kanisani, asubuhi yote ikawa inaimba, na kila palipoimba ukuta ulisema kwa sauti ya dada mpole: "Hakuna huduma katika eneo hili. Asante."

"Msizime!" Sechelela alikuwa ameshatoka mbio, kandambili moja imebaki ukumbini. "Jamani msizime! Acheni kama yalivyo!"

"Dada, tumeambiwa," mwanamke mmoja akamjibu kutoka dirishani, kidole tayari kipo juu ya swichi. "Ni kwa ajili ya huduma bora."

"Usizime, nakuomba!"

Noti tatu.

Akapita kwa Nyemo, mume wake akamwambia kwa fahari kwamba wao wamezima mapema, wa kwanza mtaani. Sauti ya dada mpole ilikuwa ikishukuru nyuma yake. Nyemo alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono miwili juu ya tumbo, anautazama ukuta.

Simu ya Sechelela ikalia. Foibe. "Seche, imebaki moja."

"Ya nani?"

"Ya Mzee Ndahani."

Mzee Ndahani alikuwa amechimba chumvi maisha yake yote hadi ikamla mapafu. Alikuwa mgomvi anayejulikana. Alimshtaki mwenyekiti kwa ajili ya mbuzi, akashindwa, akakata rufaa. Sechelela akamkuta amesimama mbele ya sikio lake, simu mkono mmoja, mkono mwingine umeinuliwa.

"Mzee, shikamoo, usizime!"

"Marahaba. Kwani nani kakwambia nazima?" Alikuwa anafuta vumbi juu ya kile kijiboksi kwa ncha ya shuka. "Wamenitumia mara tatu. Mpendwa, mpendwa, mpendwa. Mimi mtu wa ofisi akiniita mpendwa najua anataka kiwanja. Marehemu mke wangu tu ndiye aliyewahi kuniita hivyo, naye alikuwa anataka kitenge."

Sechelela akakaa chini palepale, sakafuni.

Taa ya chumba ikazimika. Feni ikazunguka taratibu, ikasimama. Nje, mtaa mzima, redio zikanyamaza kwa pamoja. Walikuwa wamekata umeme.

Wakaliangalia sikio. Pembeni mwake kijitaa kidogo cha betri kikawaka, kijani. Halijasahau. Bado.

Mzee Ndahani akakohoa. Haikuwa kwa kusudi. Kilikuwa kikohozi chake cha kila siku, kirefu, cha kuchimbua. Sikio likakisikia. Likatoa mlio mfupi, likapiga.

"Zahanati ya Chinyika," ikasema sauti ya Foibe, "nakusikia."

"Niko hapa, mama," Mzee Ndahani akasema, akijifuta mdomo. "Ndahani. Nipo nyumbani kwangu. Usikate."

"Sikati."

Nje ya dirisha, juu ya kilima, vumbi lilikuwa limeanza kuinuka, la kijivu, polepole, la magari mazito yasiyo na haraka. Majirani walikuwa wamesimama njiani wakilitazama, na wengine walikuwa wanatazama kuta zao zilizowaambia kwamba wao hawapo.

Sechelela akasimama, akaenda mlangoni. Mume wa Nyemo alikuwa wa kwanza, amembeba mkewe.

"Mlete hapa," akamwambia. "Aseme jina lake. Kwa nguvu, sikio lisikie. Nanyi wengine njooni, kila mmoja aseme jina lake na kwamba yupo; sauti ya mzee mmoja wataiita hitilafu, ya mtaa mzima hawawezi. Ukisikia umeitikiwa, mpishe mwenzako."

"Nyemo," akasema yule mwanamke akiwa ameuma meno. "Nipo. Uchungu umeanza."

"Nimekusikia, Nyemo. Nakuja nikimaliza kuwasikia hawa. Pumua."

Nyuma yake akaingia Mbumi na mtoto aliyeungua. Nyuma ya Mbumi watu walikuwa wakijipanga uani, kisha nje ya ua, kisha kando ya njia hadi kisimani, hakuna anayesukuma.

Kijitaa cha betri kikageuka njano; betri ilikuwa inaisha. Mbumi alikuwa bado hajasema jina lake.